Msitu wa Mjini Hulindwa na Wanaoutembea

Juma hili nataka tuzungumze juu ya misitu. Wala simaanishi ile ya mbali, Mau au Aberdare, ambayo wengi wetu twaijua kwa kuisikia kwenye taarifa ya habari. Nazungumzia msitu ulio ndani ya jiji, ule ambao ukishuka kwenye gari, ukavuka barabara, umeshaingia.

Nianze na swali. Msitu wa mjini ni wa nani? Muulize afisa, atakwambia ni wa serikali, na karatasi anazo. Muulize dalali wa viwanja, hatakujibu kwa maneno. Atautazama, akadirie ekari, atabasamu. Muulize mtoto wa mtaa wa mabati ulio ng'ambo ya uzio, huenda akakwambia kwamba hajawahi kuingia. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayotuongoza leo.

La kwangu nalisema mapema, na nitalirudia kabla hatujaagana: msitu wa mjini hulindwa na watu wanaoutembea. Watu wakiacha kuingia, wataingia wengine, na hao wengine huja na tingatinga.

Tuchukue mfano tunaoujua, Msitu wa Karura hapa Nairobi. Uko kaskazini mwa jiji, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, umezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa ambayo ardhi yake inauzwa kwa bei ya kukutoa jasho. Ni zaidi ya hekta 1,000. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani yake mna mito, maporomoko madogo ya maji, na mapango yanayokumbukwa kuwa maficho ya Mau Mau wakati wa vita vya uhuru. Haya yote, msikilizaji, yako mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji.

Sasa, ardhi nzuri namna hiyo, iliyo katikati ya matajiri, ilifikaje leo ikiwa bado ina miti?

Ilikuwa iondoke. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imegawiwa watu binafsi kimyakimya, na kazi ya kufyeka ilikuwa imeanza. Mwezi wa Oktoba waandamanaji waliingia humo na mitambo ya ujenzi ikateketezwa. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai alifika langoni na wenzake, wabunge wakiwemo, wakiwa na nia ya kupanda mti. Walivamiwa na vijana waliokodiwa. Profesa akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi huku akivuja damu, na taarifa yake akaitia sahihi kwa damu hiyohiyo. Wanafunzi wa chuo kikuu nao wakaingia barabarani. Agosti ya mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hadithi hii tumeisimulia mara nyingi, na tunastahili kuisimulia. Lakini mara nyingi tunaikatiza hapo, kwenye ushindi. Tuulizane: baada ya ushindi, kulitokea nini?

Kulitokea woga. Ardhi iliokolewa, ila watu hawakuingia. Kwa miaka kama kumi baada ya damu ile kumwagika, jina la Karura lilikuwa la kutishia watoto. Gari lililoibwa lilitafutwa huko. Maiti iliyookotwa iliokotwa huko. Chang'aa ilipikwa humo, miti ikakatwa usiku, na mwanamke aliyekatiza kwa miguu kutoka Gigiri kwenda Kiambu Road alihesabiwa kuwa amechezea maisha yake. Msitu ulikuwepo kwenye ramani, lakini mkaazi wa Nairobi hakuwa nao. Kitu kisichokuwa na mtu ni rahisi sana kukinyakua, kwa sababu hakuna wa kukililia.

Mabadiliko yalianza karibu na mwaka 2010. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikuwa imefungua mlango: ilisema kwamba wananchi wanaoishi karibu na msitu wanaweza kujiunga katika chama cha jamii, wakatia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na wakashirikiana kuutunza. Ndipo kikaundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Na jambo la kwanza kubwa lililofanyika ni kuzungushia msitu uzio wa umeme.

Uzio! Najua unavyofikiri, msikilizaji. Uzio hapa kwetu maana yake ni "usije". Mimi pia siupendi uzio, hasa unapopita kati ya mtaa wa majumba na mtaa wa mabati. Lakini hapa lazima niseme ukweli: uzio ule ndio uliowaingiza watu. Zamani msitu ulikuwa na njia mia za kuingilia na hakuna anayejua nani yumo. Sasa ukawa na malango machache, kila lango lina mlinzi, na anayeingia anaonekana. Vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kuwa walinzi wa msitu. Miongoni mwao wapo waliozifahamu njia za wakata miti vizuri kuliko askari yeyote, na wewe unaweza kukisia walizifahamu vipi.

Baada ya hapo ikaanza kazi ambayo haipigwi picha. Na hii, wasikilizaji, ndiyo kazi yenyewe ya kutunza msitu wa mapumziko. Wengi hudhani msitu ukiachwa unajitunza. Wa mbali labda. Wa mjini, wenye maelfu ya miguu kila Jumapili, haujitunzi.

Fikiria kijia cha miguu. Watu mia wakipita mahali pamoja mvua inaponyesha, udongo unashindiliwa, maji hayanywei tena, yanatiririka juu. Kijia kinakuwa mfereji, mizizi inabaki uchi. Wapitaji wanaona matope, wanakwepa pembeni, na kijia cha mita moja kinakuwa barabara ya mita tano. Kisha yupo mjuaji mmoja anayekata kona ili aokoe hatua ishirini, na wenzake wanamfuata. Miezi sita baadaye pana njia mpya katikati ya miche. Dawa yake si ngumu: changarawe, mitaro ya kando, gogo moja kubwa la kuziba njia ya mkato, na mtu wa kukagua kila baada ya mvua. Si ngumu, lakini haina mwisho. Na huyo wa kukagua anataka mshahara.

Au fikiria vibao vya njia panda. Karura njia panda zina namba. Ukitembea utaona nguzo fupi, imeandikwa namba, basi. Mara ya kwanza nilidhani ni za kupimia umbali. Mzee mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi, jasho likimtiririka, akanieleza: "Kijana wangu, nikianguka hapa sitajua kusema niko chini ya mti gani. Nitasema namba." Hebu fikiri ni watu wangapi wenye moyo dhaifu, akina mama wajawazito, wazee wenye sukari walioambiwa na daktari watembee, ambao wasingethubutu kuingia msituni bila nguzo ile. Nguzo ya mbao, rangi, na namba. Hiyo ni huduma ya afya.

Kisha kuna mbwa. Tucheke kidogo, lakini ni jambo zito. Kuna mtu anayempenda mbwa wake kama mwanawe, na kuna mtu ambaye akiona mbwa roho inamtoka. Wengine pia, kwa sababu za dini, hawataki kuguswa na mate ya mbwa. Wote wamelipa kiingilio. Kanuni inasema mbwa afungwe kamba. Na kila Jumapili utamsikia mwenye mbwa akiita kwa mbali, "Haumi huyo, haumi!" Ndugu yangu, aliyepanda juu ya benchi akiwa na mtoto mikononi hakukuuliza kama anauma. Mfunge. Baiskeli nazo ni vivyo hivyo: zina njia zake, na kwenye njia ya watembeao mwendesha baiskeli ni mgeni. Msitu wa burudani ni mahali pa kupatanisha starehe za watu mbalimbali, na mahali hapo pakikosa kanuni, mwenye nguvu ndiye anayebaki na mnyonge harudi tena.

Na taka? Hapa tulisaidiwa na serikali. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa Kenya, misitu ikiwemo. Chupa ya maji ya dukani inaishia langoni. Watu walilalamika mwanzoni. Sasa wanabeba chupa zao za chuma, na vichaka vinaonyesha tofauti.

Tuje kwenye miti yenyewe, maana tumezungumzia watu mpaka miti imenuna.

Usidanganyike na ukijani. Sehemu kubwa ya misitu iliyo karibu na Nairobi ilipandwa enzi za ukoloni kama shamba, si kama msitu. Reli ilitaka kuni za magarimoshi, na mkaratusi unakua haraka, kwa hiyo ikapandwa mikaratusi kwa safu. Ukisimama katikati ya mikaratusi utaona ardhi ya chini ni tupu, majani makavu tu na magome. Ndege wachache. Ukivuka hatua mia ukaingia penye miti ya asili, unasikia mabadiliko kabla hujayaona: mikinduri inaangusha matunda yake magumu yanayopasuka chini ya kiatu, kuna muhugu ambao wachonga vinyago waliuandama mpaka ukawa adimu, kuna mizeituni ya mwitu, na juu kuna kelele za viumbe hai. Karura wamekuwa wakiivuna mikaratusi kidogokidogo na kupanda miti ya asili mahali pake. Ukikuta eneo limekatwa usikimbilie kupiga kelele mtandaoni kwamba msitu unauzwa. Uliza kwanza. Lakini uliza kweli, na udai kuonyeshwa mpango, kwa maana historia yetu imetufundisha kutoamini msumeno.

Na baada ya kupanda? Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nchi nzima ili tupande miti. Vizuri sana. Tulipanda, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Mche uliobaki nyuma ulihitaji mtu wa kuupalilia mara kadhaa kwa mwaka, kwa miaka kadhaa, mpaka upite kimo cha magugu. Pale Karura adui mkubwa ni lantana, kile kichaka chenye maua mazuri ya rangi rangi ambacho wengine tunakipanda uani. Kinaufunika mche kama blanketi. Nimewatazama akina mama wakiking'oa: wanashika shina chini kabisa, wanatikisa, wanavuta na mizizi, mikono imejaa mikwaruzo, na ardhi waliyoimaliza mchana kutwa ni ndogo kuliko uwanja wa mpira. Nikiulizwa nani anapanda msitu Nairobi, nitawataja hao kabla ya wenye miwani myeusi na majembe mapya.

Matunda ya kazi hiyo yapo. Kuanzia mwaka 2014 mbega, wale wenye manyoya marefu meupe na meusi, walihamishwa kutoka upande wa Kipipiri kule Nyandarua, walikokuwa wanagombana na wakulima juu ya mazao, wakaletwa Karura. Leo mtoto wa Nairobi anaweza kuwaona wakiruka bila kulipia safari ya mbugani.

Lakini ni mtoto yupi? Hapa ndipo pananiuma, wasikilizaji, na naomba mnivumilie.

Kuna mtaa unaitwa Mji wa Huruma, umepakana na Karura. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, wafanyakazi wa nyumba za Runda na Muthaiga. Wakaazi wake si wageni msituni: wapo waliopata ajira ya ulinzi na vitalu vya miche, na akina mama wameruhusiwa kuokota kuni kavu kwa utaratibu. Hilo ni jema na halipatikani kila mahali. Sasa tuzungumzie Jumapili. Kwa miaka mingi mtu mzima raia wa Kenya alikuwa akilipa kama shilingi 100 kuingia. Kwa mtu wa ofisini, hiyo ni nusu kikombe cha kahawa. Kwa mama mwenye watoto wanne, jumlisha yake, jumlisha ya watoto, ongeza maji na mandazi ya njiani, umeshagusa unga wa jioni. Kwa hiyo mama yule anaingia msituni siku ya kazi, akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Siku ya mapumziko haingii.

Je, nasema kiingilio kiondolewe? La. Nimeshaeleza changarawe, nguzo, walinzi na akina mama wa lantana. Vyote vinalipwa na hela ya lango. Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na State House, nayo inaishi hivyo. Ninalosema ni kwamba yapo mambo mengi kati ya kulipisha wote na kutolipisha yeyote. Wape wakaazi wa mitaa inayopakana kadi ya jirani. Tengeni siku moja ya mwezi iwe bure. Shule za umma zisilipe chochote siku za kazi, maana siku hizo msitu una nafasi. Na lango dogo liwe upande wa wasio na magari, wasizungushwe kilomita nzima kufuata lango lenye maegesho.

Tukitaja fedha, tutaje na ule mvutano wa mwaka 2025. Mwezi wa Agosti KFS iliagiza kwamba malipo yote ya kuingia Karura yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura wakapinga, wakisema mkataba wa usimamizi wa pamoja umevunjwa, na jambo likafika mahakamani. Ya mahakama tuiachie mahakama. Mimi kama mlipaji wa kiingilio nina dai moja tu: pesa iliyotoka mfukoni mwangu langoni nataka kuiona msituni. Iwe inakusanywa na chama, iwe inakusanywa na serikali, mali bila daftari hupotea bila habari. Wabandike ubao langoni, kila mwezi: zimeingia kiasi hiki, zimetumika kwenye njia, kwenye mishahara, kwenye miche, zimebaki kiasi hiki. Ubao huo ungezima nusu ya ugomvi. Na nikilazimishwa kuchagua, nitasema pesa ya msitu ibaki msituni. Shilingi ikishasafiri mpaka hazina kuu, kuirudisha kutengeneza mtaro ulioziba ni kazi ya mwaka mzima, na mvua haingoji.

Karura si peke yake. City Park pale Parklands, alipozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto, na baadaye makamu wa rais wa zamani Joseph Murumbi, ni msitu mdogo wenye kima wasio na haya hata kidogo. Vipande vyake viliwahi kunyakuliwa, na ulitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2009. Msitu wa Ngong Road umepasuliwa na barabara ya Southern Bypass. Jirani zetu Tanzania wanao Msitu wa Rau, ukingoni mwa mji wa Moshi, na Pugu na Kazimzumbwi karibu na Dar es Salaam, misitu ambayo imepigana na mkaa kwa miaka mingi. Unguja kuna Masingini, juu tu ya mji, penye vyanzo vya maji. Kila mahali swali ni lilelile: nani anaingia, nani anaangalia, nani analipia?

Narudia, msikilizaji, nilivyoahidi: msitu wa mjini hulindwa na watu wanaoutembea. Mnyakuzi anachoogopa si kibao cha "Ardhi ya Serikali". Alivibomoa vingi. Anaogopa mama aliyezoea kupita pale kila Jumamosi akiwa na raba zake, ambaye akiona kigingi kipya kimechomekwa atauliza, na akikosa jibu atapiga picha, na kufikia jioni mtaa mzima utakuwa unauliza.

Basi naomba jambo moja kwenu. Juma hili, tafuteni msitu au kipande cha miti ya umma kilicho karibu nanyi. Hata kama ni kidogo, hata kama kinaogopesha. Msiende mmoja mmoja. Nendeni kumi, nendeni kikundi cha kanisa, cha msikiti, cha chama cha akiba. Mkifika, ulizeni mambo mawili: chama cha jamii cha msitu huu ni kipi, na mpango wa usimamizi uko wapi tuusome. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inawapa haki ya kushiriki, na Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wenu katika kutunza mazingira. Mkiambiwa chama hakipo, kiundeni. Mkiambiwa mpango haupo, hapo ndipo pa kuanzia kupiga kelele.

Nanyi maafisa wa misitu na wa kaunti mnaotusikiliza: fungueni lile lango dogo upande wa mitaa ya mabati, kabla ya mwaka huu kwisha.